Mwanangu wa miaka 14 hanisemeshi tena, na nywila ya simu yake ninayo

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala, au tuseme yule mdogo amelala. Ninao wawili: mvulana wa miaka 14 na dada yake wa miaka 11. Kilichonifanya nikuandikie ni huyu mkubwa.

Mwanangu alikuwa msemaji. Akirudi shuleni alikuwa hamalizi kuvua viatu kabla hajanimwagia habari zote: nani kagombana na nani, mwalimu gani kakasirika, nani kafunga bao. Nilikuwa namwambia apumue kwanza. Sasa nikimuuliza siku ilikuwaje, ananijibu "Kawaida." Nikimuuliza kama anaumwa, "Kawaida." Mara nyingine hata hilo halitoki, anapandisha mabega tu na kuingia chumbani. Mlango haubamizi, anaufunga polepole. Angeubamiza ningejua kwamba amenikasirikia, ningejua pa kuanzia. Usiku wa manane bado naona mwanga chini ya mlango, na asubuhi kumwamsha ni kazi.

Mbele ya wenzake hataki nimguse wala nimwite kwa jina la nyumbani. Hilo nimelizoea, nimeambiwa ni umri. Lakini mwezi uliopita nilipigiwa simu na shule: ameanguka, amevunjika kifundo cha mkono. Kumbe aliruka kutoka juu ya ukuta ulio nyuma ya madarasa, wenzake wamesimama chini wanamshangilia. Shangazi, huyu ni mtoto aliyekuwa akiogopa kupanda ngazi ndefu. Nilipomuuliza kwa nini aliruka alisema "Sijui, Mama," na nilivyomwangalia usoni niliona kweli hajui.

Wiki iliyopita nilimbana dada yake. Sikumwachia mpaka aliposema. Akaniambia kwamba kaka yake alisimamishwa darasani asome kwa sauti, jambo ambalo zamani alilipenda na alikuwa akichaguliwa kusoma mbele ya shule nzima. Katikati ya sentensi sauti ikamkatika, ikapanda juu kama ya mtoto mchanga. Darasa likaangua kicheko. Mmoja wao alikuwa na simu, akarekodi. Ile video imezunguka kwenye kundi la darasa, ikavuka ikaenda kwa madarasa ya juu, na kuna mtu ameikata ile sauti akaiunganisha na ya jogoo anayewika. Sasa wanamwita Jogoo. Hata binti yangu huko shuleni anaitwa dada yake Jogoo. Alinieleza haya huku analia, akaniapisha nisimwambie kaka yake kwamba yeye ndiye aliyesema.

Mume wangu anasema hata yeye sauti ilimvunjika, akachekwa, akazoea, kwa hiyo nimwache mtoto awe mwanaume. Kaka yangu anasema samaki mkunje angali mbichi: nimnyang'anye simu, nisome kila kilichomo, nijue anaongea na nani. Nywila ninayo. Mtoto mwenyewe alinipa siku tuliyomnunulia, na najua hajaibadilisha. Kila jioni akiingia kuoga simu inabaki mezani, nami nakaa naitazama. Sijaifungua.

Niifungue? Nimwambie kwamba najua? Niende shuleni, au nitamwongezea aibu? Na nitajuaje kama huu ni ujana tu au mtoto wangu ni mgonjwa?

Mama wa Wawili

*

Marahaba, mdogo wangu.

Simu usiifungue kwa sasa. Nimesema kwa sasa, na huko mbele nitakueleza ni hali gani ikitokea nitakwambia uifungue bila kupoteza dakika. Hujafika huko, na naomba kabla ya yote ulione jambo ulilolitaja kwa kupita: mtoto huyu ana nywila ambayo mama yake anaijua, ana siri inayomtafuna, na bado hajaibadilisha. Anayetaka kukufungia kabisa angeibadilisha siku ileile video ilipotoka. Siwezi kukuapia maana yake, lakini ningekuwa wewe ningeichukua kama dalili njema, na nisingeitumia dhidi yake.

Ushauri wa kaka yako unatoka mahali pema. Anataka ujue. Ila kuna njia mbili za mzazi kujua mambo ya mtoto wa umri huu, na moja inaiua nyingine. Huko Uswidi, watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr waliwachunguza vijana 703 wa miaka 14, umri wa mwanao hasa, pamoja na wazazi wao, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wameshika kwamba mzazi anayejua habari za mwanawe ni yule anayefuatilia: anauliza, anachungulia, anabana. Hawa wawili wakauliza swali jingine: huyu mzazi anayejua, amejuaje? Ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya anachokijua aliambiwa na mtoto mwenyewe, kwa hiari yake, bila kubanwa. Kufuatilia peke yake kulileta kidogo sana.

Ndiyo maana naogopa hiyo simu. Ukiifungua utaiona video, utayaona matusi, utajua majina ya waliocheka. Hayo mengi unayajua tayari. Lakini mtoto akigundua, na watoto hugundua, utakuwa umeyapata ya mwezi huu kwa kuyapoteza ya miaka mitatu minne ijayo. Atafikisha miaka 16, atapenda, atakataliwa, ataalikwa mahali penye pombe, atapewa lifti na mtu asiyestahili kushika usukani. Usiku huo utataka awe mtu wa kukupigia simu.

Kumnyang'anya ni kubaya zaidi. Mtoto amerekodiwa bila idhini, amedhihakiwa, amepewa jina la ndege, halafu nyumbani anapokonywa simu. Atajifunza kwamba anayeumizwa akijulikana ndiye anayeadhibiwa, na safari nyingine atajificha vizuri zaidi.

Sasa kuhusu mume wako. Anasema kweli kwamba sauti ilimvunjika. Inawavunjika wavulana wote. Kikoromeo kinapanuka, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti ya mvulana hushuka karibu oktavo nzima, yaani kama kutoka do ya juu hadi do ya chini yake. Kabla haijatulia hukatikakatika kwa miezi kadhaa, na hakuna dawa wala haja ya dawa. Mpaka hapo niko naye. Lakini alipochekwa yeye, kicheko kiliisha kengele ilipolia. Waliocheka walikuwa darasa moja, na baada ya wiki walipata jingine la kuchekea. Cha mwanawe kimerekodiwa. Kinaweza kuchezwa tena leo usiku, na mtu asiyemjua, na kesho asubuhi kikamkuta mtoto kitandani kabla hajanawa uso.

Mwaka 1967 mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, aliandika kuhusu kitu ambacho kila mzazi wa kijana amekiona: kijana huishi kama yuko jukwaani. Anaamini kila jicho linamtazama, kila mtu ameona chunusi yake, kila anayecheka barabarani anamcheka yeye. Elkind aliiita hadhira ya kufikirika, maana kwa kawaida watu hawana habari naye, wana chunusi zao. Wazazi tumezoea kuwatuliza kwa maneno hayo: hakuna anayekutazama, mwanangu. Kwa mwanao maneno hayo hayasemeki. Hadhira yake ni ya kweli na inahesabika, video ina idadi ya waliotazama chini yake. Ukimwambia "usijali, hawakuoni," atakuona wewe ndiye usiyeona. Mwambie mumeo hivyo hivyo, kwa upole, kwa sababu nadhani hajalijua hili, na nadhani akilijua atasimama nawe.

Tena yeye ana kitu ambacho wewe huna. Wewe unaweza kumfariji mtoto, lakini huwezi kumwambia "hata mimi." Baba anaweza. Isiwe hotuba, wala isiwe "nilichekwa nikakaza." Amwambie tu ilivyokuwa siku ilipomtokea: alikuwa wapi, mbele ya nani, alijisikiaje. Amwambie na lile ambalo wanaume wengi huliruka, kwamba iliuma. Mvulana wa miaka 14 anatafuta jibu la swali la mimi ni mtu gani, na Erik Erikson aliliweka swali hilo katikati ya umri huu tangu mwaka 1950. Akisikia kwa baba yake kwamba mwanaume ni yule asiyeumia, naye anaumia, atahitimisha kwamba yeye si kitu. Na hapo nyumbani sauti yake isichezewe na mtu yeyote. Wajomba, mabinamu, wageni. Ikikatika mezani, endeleeni na mazungumzo kama haikukatika.

Nije kwenye ukuta, maana hapo ndipo barua yako iliponisimamisha.

"Sijui, Mama" linaweza kuwa jibu la kweli kabisa. Katika balehe, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na raha huchangamka mapema. Sehemu ya mbele, ile ya nyuma ya paji la uso inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu afikishe miaka 25 hivi. Mtoto wa miaka 14 akikaa peke yake kwa utulivu anaweza kukueleza hatari za kuruka ukuta vizuri kama wewe. Tatizo huanza wenzake wakiwepo. Margo Gardner na Laurence Steinberg walilionyesha hili mwaka 2005 kwa mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Mchezaji alikuwa achague kusimama taa ikiwa ya njano au kuendelea kusogea ajipatie alama zaidi, huku akijua anaweza kugonga. Baadhi walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wawili wa rika lao. Kuwepo kwa wenzao kuliwafanya vijana wajitose zaidi, na kuliwasukuma kuliko kulivyowasukuma watu wazima.

Mpe sasa mtoto huyo sababu ya ziada. Amechekwa na shule nzima. Chini ya ukuta wamesimama watu walewale, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi wanamshangilia. Nashuku kwamba aliruka ili apate kuitwa kwa jina jingine. Kama ni hivyo, huo si ukorofi, na kumhubiria kuhusu hatari za kuta hakutafika popote.

Lakini ipo maana ya pili, na siwezi kukuficha. Yapo maruko ambayo mtoto huruka akitaka kushangiliwa, na yapo ambayo huruka akiwa hajali tena kama ataumia. Kwa nje yanafanana. Mwenye kujua ni yeye, na lazima aulizwe. Muulize kwa maneno mepesi: "Ulipokuwa pale juu, ulikuwa unajali kama utaumia?" Halafu nyamaza. Akikwambia aliogopa, au alitaka waone kwamba anaweza, shusha pumzi. Akinyamaza kwa namna isiyokuridhisha, au akasema ilikuwa sawa tu kwake, endelea na swali lenyewe: "Umewahi kuwaza kujiumiza, au kufa?"

Najua swali hilo linavyotisha. Wazazi wengi huogopa kwamba kulitamka ni kumpandikizia mtoto wazo. Watafiti wamelichunguza jambo hili mara nyingi, na kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo la kujiua. Mara nyingi humtua mzigo, kwa sababu amepata mtu mzima ambaye neno hilo halimkimbizi.

Uliuliza utajuaje kama ni ujana au ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, kwa hiyo si swali la mama mwenye hofu za bure. Kufunga mlango, majibu ya neno moja, kukuonea haya mbele ya wenzake, hayo peke yake ni ya umri. Angalia kama bado kuna kitu kinachomfurahisha hata kwa nusu saa: mpira, mchezo, rafiki mmoja, kumtania dada yake. Huzuni au hasira ikimkalia karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, vile alivyovipenda vikawa havina ladha, kula kukabadilika, alama zikaanguka, akaanza kukataa shule kwa maumivu ya tumbo yasiyoonekana, mpeleke kwa mtaalamu wa afya, na umwambie unampeleka kwa nini. Ukiona majeraha anayoyaficha, ukimsikia akisema mngekuwa afadhali bila yeye, au akianza kugawa vitu vyake vya thamani kana kwamba anaaga, usimwache peke yake. Dawa na vitu vyenye makali viondoe karibu yake, na aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo. Hapo ndipo ninaposema simu ifunguliwe. Na hata hapo umwambie usoni: "Nimeifungua kwa sababu nimeogopa kukupoteza." Uhai unatangulia siri.

Kuhusu usingizi sina mengi. Katika umri huu homoni inayoleta usingizi huchelewa kutoka, kwa hiyo kutosinzia mapema si ukaidi wote, lakini bado mwili wake unahitaji saa 8 hadi 10. Simu zilale nje ya vyumba vya kulala, za watu wote nyumbani, ya baba na yako zikiwemo. Ikiwa yake peke yake itakuwa adhabu. Ikiwa zote ni utaratibu wa nyumba, na video ile haitamfuata kitandani.

Sasa kumwambia kwamba unajua. Ndiyo, mwambie. Kila siku unayojua huku ukijifanya hujui, unamuuliza siku ilikuwaje na wote wawili mnacheza mchezo. Lakini kuna dada yake, na hapa naomba uwe mwangalifu sana. Mtoto wa miaka 11 amebeba siri ya kaka yake, ameitwa jina la kaka yake, amebanwa na mama yake hadi akalia, na amekuapisha. Usimvunjie kiapo hicho nyuma ya mgongo wake. Nenda kwake kwanza, mkae wawili. Mwambie alifanya sawa kusema, kwamba mtu akiumizwa kumwambia mzazi si kumsaliti. Mwambie unahitaji kuzungumza na kaka yake ili uweze kumsaidia, na kwamba lawama utaibeba wewe. Mpe nafasi akuambie anachokiogopa. Labda anaogopa kaka yake hatamsemesha tena. Akikubali, nenda. Asipokubali siku hiyo, rudi kwake kesho yake, lakini mweleze kwamba kusubiri kuna mwisho.

Kwa mvulana, chagua wakati ambao mikono ina kazi na macho yana pengine pa kutazama. Mkitembea, mkiosha vyombo, mkiwa safarini. Vijana wengi husema mengi wakiwa ubavuni mwa mtu kuliko wakikalishwa uso kwa uso kama wako mahakamani. Usianze na swali. Mwambie unachokijua kwa ufupi: "Nimesikia kuhusu ile video. Sikuitazama na sitaitafuta. Walichokufanyia ni kibaya, na wewe hujakosa chochote." Atauliza nani kasema. Mjibu ukweli: "Nilimbana dada yako mpaka akasema. Kama una hasira, nikasirikie mimi." Huenda akakasirika kweli. Huenda akanyanyuka akaenda chumbani na mlango ukafungwa polepole kama kawaida. Usimfuate. Usigonge. Maneno yameshaingia, na mtoto wa umri huu mara nyingi hurudi baadaye kwa mlango wa pembeni: anakuja jikoni kunywa maji ambayo hana kiu nayo, anasimama tu. Akija hivyo, achana na ulichokuwa ukikifanya.

Akianza kusema, kazi yako itakuwa ngumu kwa sababu utataka kutatua. Utataka kujua jina la aliyerekodi, namba ya mama yake, utataka kuvaa viatu utoke. Kaa. Msikilize hadi mwisho, hata akirudia, hata akitukana kidogo. Mwonyeshe kwamba umesikia: uliona aibu, uliwakasirikia, hukujua umwambie nani. Mtoto mdogo akiumia tunampulizia jeraha. Huyu hataki kupuliziwa, anataka mtu asiyeshtuka na anachokisikia. Usiulize "Kwa nini hukuniambia?" Najua linakuuma, lakini swali hilo litamfanya aanze kukuomba msamaha wewe, na siku hiyo ni yake.

Shuleni nendeni. Kurekodi mtoto bila idhini, kumsambaza na kumbandika jina ni uonevu, na uonevu wa namna hiyo hauishi kwa aliyeonewa kukaza moyo. Ni kazi ya watu wazima kuukomesha. Ila asikukute pale kwa ghafla. Mwambie mapema kwamba utakwenda. Kwamba utakwenda hilo umeshaamua wewe na baba yake, yeye achague mengine: mzungumze na mwalimu yupi, yeye awepo au asiwepo, nini kisemwe na nini kisisemwe. Ameondolewa usemi juu ya sura yake na sauti yake mbele ya watu wote. Kila uamuzi mdogo utakaomrudishia unamsaidia kusimama.

Huko shuleni ombeni mambo yanayoshikika. Video ifutwe kwenye kundi na kwenye simu za walioisambaza, na wazazi wao wajulishwe. Jina lile likome, walimu wakiwemo, maana nimewahi kusikia walimu wanaodaka majina kama hayo kwa mzaha. Na muombe kwa nguvu zote kwamba jambo hili lisitangazwe mbele ya shule nzima, hata kwa nia ya kumtetea. Kuhusu kusoma kwa sauti, muulizeni yeye. Wengine hutaka wapumzishwe hadi sauti itulie. Wengine hutaka waendelee kusoma kana kwamba hakuna kilichotokea, na akichagua hilo usimzuie kwa huruma yako. Muulizeni pia mwalimu ni mwanafunzi gani ambaye hakucheka. Katika darasa huwa yupo. Rafiki mmoja wa kweli humkinga mtoto na mengi, na wewe unaweza kufungua mlango wa nyumba kwa huyo mmoja bila kusema ni kwa nini.

Kaka yako mwambie mimi nimekubaliana naye kwamba huu ndio umri wa kumshika mtoto. Nimetofautiana naye juu ya namna ya kushika.

Anza na binti, leo au kesho. Halafu muone baba yao mkiwa wawili, mpatane kabla ya kwenda kwa mvulana, ili asipate sauti mbili. Lile swali la ukutani usilisogeze mbele ya mwisho wa wiki. Niandikie ulipofikia, lakini ukiona mojawapo ya dalili za hatari nilizokutajia, usingoje barua yangu.

Shangazi